Jina la Juma katika Mrima wa Tanga: Maana Yake, Asili Yake na Kuenea Kwake

Watu waandikao orodha za majina na maana zake wamekuwa wengi, na orodha zao husomwa sana na walimu na mapadre, kwa kuwa hao ndio waulizwao kila mara na wazazi na watoto, "Jina hili maana yake nini?" Katika orodha hizo jina la Juma hupewa mstari mmoja tu: mtoto mwanamume aliyezaliwa siku ya Ijumaa. Mstari huo si uwongo, walakini ni mfupi mno, na ufupi wake umezaa makosa. Tena makosa hayo hayakukaa katika vitabu vya wataalamu peke yao. Yameingia katika madaftari ya shule na vyeti vya watoto. Kwa hiyo twataka kuyapima maelezo hayo, kwanza kwa lugha, kisha kwa desturi za watu wa Tanga, Pangani na milima iliyo nyuma yake, kisha kwa habari za kale, ili tuone ni lipi lililo kweli na ni lipi lililopungua.

Tuanze na lugha. Shina la neno hili ni la Kiarabu, nalo maana yake ni kukusanya. Ijumaa ni siku ya mkusanyiko, yaani siku watu wakutanikapo msikitini kwa sala ya adhuhuri. Kabla ya Uislamu Waarabu waliiita siku hiyo kwa jina jingine, Aruba. Jina la mkusanyiko likaja likalishinda lile la kale. Kutokana na shina hilo hilo Kiswahili kimepata ukoo mkubwa wa maneno: jamaa, jamii na jumuiya. Wala mtu asiliingize neno jamhuri katika ukoo huu, ingawa lafanana kwa sauti; shina lake ni jingine.

Sasa mtazame msomaji maumbo matatu yaliyomo katika Kiswahili. La kwanza ni Ijumaa, jina la siku. La pili ni juma, yaani siku saba, tangu Ijumaa hata Ijumaa. La tatu ni Juma, jina la mtu. Katika Ijumaa ile i ya mwanzo ni masalio ya neno dogo la Kiarabu al, litumikalo kuonyesha kitu kijulikanacho. Katika Alhamisi neno hilo limebaki zima. Lakini katika majina ya watu halimo kabisa: twasema Juma wala hatusemi Ijumaa, twasema Hamisi wala hatusemi Alhamisi. Sababu yake ni nini? Sababu ni kwamba Waarabu wenyewe walikuwa na majina ya watu Jumaa na Khamis bila neno hilo dogo. Basi majina haya yalifika pwani yakiwa majina ya watu tayari, yamebebwa na watu wenye kuitwa hivyo. Hayakukatwa hapa kwetu kutoka katika majina ya siku. Mombasa na pwani ya kaskazini utasikia Jumaa, mkazo ukiwa katika silabi ya kati. Tanga na Unguja husema Juma, mkazo ukiwa mwanzoni. Ni jina lile lile, moja limehifadhi urefu wa Kiarabu na moja limefupishwa likaketi vema katika kinywa cha Mswahili.

Anayetaka ushahidi zaidi na alitazame jina la Jumanne. Hilo nalo ni jina la wanaume, tena la wengi katika Tanzania. Lakini Jumanne haliwezi kuwa limetoka Arabuni, kwa sababu nusu yake ya pili ni nne, neno la Kibantu, na hesabu iliyomo ndani yake si ya Waarabu. Waarabu huanza kuhesabu siku kwa Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kwanza, na kwa hiyo Alhamisi kwao ni siku ya tano, ndiyo maana ya jina lenyewe. Waswahili wameanza hesabu yao siku ifuatayo Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili, hata Jumatano ambayo ni ya tano. Kisha, walipofika hapo, wakaacha kuhesabu wakashika majina mawili ya Kiarabu. Kwa hiyo juma la Waswahili lina siku mbili za tano zilizofuatana, Jumatano kwa Kiswahili na Alhamisi kwa Kiarabu, wala hapana mtu asumbukaye kwa hilo. Mwalimu wa dini ajua fundo jingine litokalo hapo: Injili zasema kwamba Kristo alifufuka siku ya kwanza ya juma, na siku hiyo kwa Kiswahili yaitwa ya pili. Mtoto mwerevu huuliza, naye astahili jibu lenye hesabu ndani yake.

Basi Hamisi ni jina la siku ya tano kwa hesabu ya Waarabu, Jumanne ni jina la siku ya nne kwa hesabu ya Waswahili, na Juma lasimama kati yao, kwa sababu siku yake haikuhesabiwa na upande wowote, bali ndiyo iliyotoa jina kwa siku zote saba. Orodha zetu huyatia majina haya matatu katika mstari mmoja, kama kwamba yalizaliwa nyumba moja. Hilo ndilo kosa la kwanza tunalolisahihisha.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Orodha husema, "aliyezaliwa siku ya Ijumaa," na msomaji huyachukua maneno hayo kuwa habari ya kila Juma aliye hai. Ikiwa ni hivyo, yatupasa tuweze kumchukua Juma yeyote, tukatazama kalenda, tukaona Ijumaa. Lakini ajaribuye jambo hilo atashindwa mara nyingi, naye atashindwa kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni usiku. Katika pwani yote siku mpya huanza jua linapotua, wala haianzi saa sita ya usiku kama katika kalenda ya serikali. Mzee wa Tanga asemaye "usiku wa Ijumaa" ana maana ya usiku ule uitanguliao Ijumaa, ambao karani huuandika kuwa ni Alhamisi. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili ya usiku ni mtoto wa Ijumaa kwa bibi yake aliyempokea, na ni mtoto wa Alhamisi kwa cheti chake. Hapana aliyedanganya. Wasomaji wetu hawatashangaa, kwa kuwa katika Mwanzo jioni yatajwa kabla ya asubuhi, na sala za jioni za Jumamosi kanisani huhesabiwa kuwa mwanzo wa Dominika. Walakini cheti hakina nafasi ya maelezo, na mwenye kukipima kwa jina ataona tofauti ya siku moja aseme kwamba jina limekosewa.

Sababu ya pili yapita ile ya kwanza kwa uzito, nayo ni babu. Katika miji ya pwani mwana wa kwanza mwanamume mara nyingi hupewa jina la baba wa babaye. Kwa desturi hiyo Juma humzaa Hamisi, na Hamisi humzaa Juma, ukoo ukarudi na kurudi kama mawimbi ya pwani. Ndipo tusikiapo majina kama Juma bin Hamisi bin Juma. Juma wa kwanza pengine alizaliwa Ijumaa kweli. Wa tatu alizaliwa siku yoyote aliyoipenda Mungu, naye ni Juma kwa sababu babu yake alikuwa Juma. Babu na mjukuu wenye jina moja huitana somo au wajina, hutaniana, na mtoto hupewa heshima isiyopewa ndugu zake. Mama yake naye, kwa haya ya kulitaja jina la baba mkwe, humwita mwanawe "baba" au "babu", na huenda mwaka mzima ukapita jina la Juma lisisikike kinywani mwake. Mwalimu wa darasa la kwanza aonaye mtoto hageuki aitwapo Juma asimdhanie kuwa mzito wa kusikia. Yamkini nyumbani haitwi hivyo.

Wala desturi hii si ya Waislamu wa pwani peke yao. Katika Usambaa majina ya Wakilindi yarudi vivyo hivyo. Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkuu wa Vuga ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, aliacha jina lililovaliwa na watawala wengine baada yake. Na Mputa mwana wa Semboja, aliyenyongwa na Wadachi mwaka 1895, jina lake lilirudi kwa Kimweri Mputa Magogo, aliyetawazwa mwaka 1947, miaka michache kabla utawala wa machifu haujafutwa katika Tanganyika mwaka 1963. Anayeuliza maana ya Kimweri na ajibiwe kwanza kwa jina la mtu, kisha kwa maana ya neno. Kwa hiyo jina la Juma lilipopanda milimani kutoka pwani halikukuta watu wasio na desturi ya majina. Lilikuta kanuni ile ile iliyokuwa imeketi huko tangu zamani, likaingia ndani yake kama mgeni aingiaye katika nyumba yenye nafasi.

Sababu ya tatu ni hiari ya wenye mtoto. Wako wamwendeao mwalimu wa chuoni awatafutie jina liafikianalo na nyota ya mtoto. Wako watoao jina la rafiki aliyewafaa, au la ndugu aliyekufa. Na wako wapendao jina kwa uzuri wake tu. Ijumaa ni siku ya heshima, na heshima hiyo yatosha kumpendeza mzazi ambaye mwanawe alizaliwa Jumatatu. Kama jina lingefuata siku peke yake, wangekuwapo wavulana waitwao Jumatano wengi kama waitwao Juma, maana Mungu hakuipunguzia Jumatano watoto. Nasi tukitembea kutoka Tanga hata Pangani tutakutana na Juma kila kitongoji, na Jumatano tutamtafuta kwa taa.

Haya yote yaweza kupimwa kwa mtu mmoja ajulikanaye na kila msomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert, mshairi na mwandishi, alizaliwa Vibambani karibu na Tanga, na tarehe iliyoandikwa katika habari za maisha yake ni 1 Januari 1909. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kwa kanuni ya orodha zetu alipaswa kuitwa Juma, naye hakuitwa hivyo. Aliitwa Shaaban, ambalo ni jina la mwezi wa nane wa Kiislamu, utanguliao Ramadhani. Na orodha hizo hizo hueleza Shaabani kuwa ni mtoto aliyezaliwa mwezi huo. Lakini 1 Januari 1909 iliangukia mwezi wa Mfungo tatu, mwisho wa mwaka 1326 wa Hijra, na Shaabani ya mwaka ule ilikuwa imepita miezi kadha wa kadha. Basi mtu mmoja amezikana kanuni mbili: alizaliwa Ijumaa asiwe Juma, akawa Shaaban bila kuzaliwa katika Shaabani. Kama orodha yetu haimwezi mwana mashuhuri kuliko wote wa Tanga, twaona haifai kuhukumia majina ya watoto wasiojulikana.

Ziko nchi ambako jina hufuata siku bila kukosa, na kwa kulinganisha nazo twaona upesi tofauti ya kwetu. Kwa Waakan wa Ghana kila mtoto hupata jina la siku yake, apende asipende, pamoja na majina mengine atakayopewa. Mwanamume wa Ijumaa ni Kofi. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1997 hata 2006, alizaliwa 8 Aprili 1938, nayo ilikuwa Ijumaa. Huko jina ni ushahidi wa siku. Pwani yetu haikuwa na sheria ya namna hiyo. Kwetu siku ni mojawapo ya milango ya kuingilia jina. Mwandishi wa orodha ambaye hakuiona tofauti hii amewaeleza Waswahili kwa desturi ya Waakan.

Na wale wapendao kulieleza kila jina kwa kamusi tungependa kuwauliza habari za watu wawili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari za desturi za Waswahili, zilizopigwa chapa Göttingen na Carl Velten mwaka 1903, akafundisha Kiswahili mjini Berlin. Kwa kamusi, mtoro ni mtu aliyekimbia kwa bwana wake au aliyeacha kazi. Je, tumwelewe hivyo mwalimu yule? Martin Kayamba, aliyekuwa karani mkuu mjini Tanga, na mwaka 1922 akaanzisha huko chama cha watumishi Waafrika wa serikali, jina lake la ukoo kwa kamusi ni ngoma ya matete yenye mbegu ndani, itikiswayo kwa mikono. Hapana aliyepata kumsalimu akangoja kusikia mlio. Jina likiisha kuvaliwa na mtu huacha kazi yake ya zamani ya kueleza kitu, hushika kazi mpya ya kumwonyesha mtu huyo na wale waliomtangulia.

Sasa tuje katika habari za kale. Jina la Juma lilikuwapo katika Mrima huu kabla ya Wadachi kufika. Bwana Heri wa Saadani, Mzigua aliyepigana na jeshi la Sultani wa Unguja, kisha akapigana na Wadachi hata mwaka 1890, jina lake kamili ni Bwana Heri bin Juma. Mwana aliyekuwa mtu mzima mwenye mamlaka kabla ya mwaka 1890 alikuwa na baba aliyepewa jina lake katika miaka ya mwanzo ya karne ile au karibu nayo. Basi katika nchi ya Wazigua, kati ya Bagamoyo na Pangani, jina hili lina umri wa karne mbili kwa uchache. Tuone pia jambo hili, kwamba mwana mwenyewe hakuitwa kwa Kiarabu bali kwa Kiswahili, Bwana na Heri, na baba ndiye aliyechukua jina la Arabuni. Wale wasemao kwamba majina ya Kiarabu yalisonga mbele siku zote yakiyafukuza majina ya wenyeji, na walitafakari hilo.

Kutoka pwani jina lilichukuliwa na misafara. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron, akiivuka Afrika, alipokelewa vizuri katika nchi ya Waluba, mbali upande wa Kongo, na mfanyi biashara aitwaye Juma bin Salum. Watu walimwita Juma Merikani, kwa jina la nguo ya pamba iliyoletwa Unguja na merikebu za Marekani. Lakabu hiyo yatufundisha kitu. Lakabu hutafutwa pale ambapo jina halitoshi kumtenga mtu na wenzake, na Juma lilikuwa jina la wengi njiani. Hata leo ni hivyo: mtaani atakuwapo Juma mrefu, Juma fundi, na Juma wa bibi fulani. Vitabu vya sarufi navyo vimelishika jina hili kama mtu wa mfano. Juma husoma kitabu, Juma hula embe, Juma hununua mayai kumi akavunja mawili. Jina litumiwalo na mwandishi wa hesabu kwa mtu yeyote ni jina ambalo halimshangazi mtu yeyote, na hicho ndicho kipimo cha kuenea kwake tukiaminicho kuliko kukisia idadi.

Tena jina limevuka mipaka ya dini. Kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, Juma ni jina la nyumba nyingi za Kikristo. Profesa Calestous Juma, mtaalamu wa sayansi na maendeleo aliyefundisha Harvard akafariki mwaka 2017, jina lake la kwanza lina sura ya Kilatini na la mwisho ni hili letu la Kiarabu, na yote mawili yaliketi pamoja kwa amani. Twataja hayo kwa sababu yako mawazo, hasa kwa makatekista wa zamani, kwamba Juma ni jina la dini fulani, na mwenye kubatizwa hana budi kulivua kama avuavyo nguo ya zamani. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilitaka mbatizwa apewe jina la mtakatifu. Lakini hata sheria hiyo haikuamuru jina la kwanza lifutwe, maana ilimwagiza padre aongeze jina la mtakatifu pale wazazi wasipokubali kuliacha lao. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yataka hivi tu, kwamba lisitolewe jina lililo geni kwa fikira za Kikristo. Katika misioni ya UMCA padre wa kwanza Mwafrika, aliyepadirishwa Unguja mwaka 1890, aliitwa Cecil Majaliwa. La kwanza la ubatizo, la pili la Kiswahili, nalo ni jina ambalo Waislamu wengi wanalo hata leo.

Na je, jina la siku ya ibada ni geni kwa fikira za Kikristo? Katika kitabu cha Ezra, sura ya 10, ametajwa Mlawi aitwaye Shabethai, ambalo ni jina litokalo katika Sabato. Nabii Hagai jina lake latoka katika neno la Kiebrania lenye maana ya sikukuu. Katika parokia zetu wamo Paskali na Paskalia, ambao majina yao ni Pasaka, na Dominiki, ambaye jina lake ni ndugu wa Dominika. Hapana padre amwulizaye Paskali kama alizaliwa siku ya Pasaka. Watu wote waabuduo wamependa kuwapa watoto wao siku zao njema. Juma yumo katika kundi hilo, na haki tumpayo Paskali tusimnyime yeye.

Sasa twafika mahali ambapo makosa ya orodha huwaumiza watu. Mwalimu ndiye mara nyingi mtu wa kwanza kuliandika jina la mtoto katika daftari litakalodumu. Akiandika Juma palipokuwa Jumaa, au Hamisi palipokuwa Khamis, kwa kudhani anasahihisha tahajia, amemfanya mtoto kuwa watu wawili. Akilifuta jina la babu ili aweke la ubatizo peke yake, vivyo hivyo. Na pale tarehe ya kuzaliwa isipojulikana, mtu huweza kushawishika kuitafuta ndani ya jina, akaihesabu Ijumaa ya karibu kwa Juma na mwezi wa kuandama kwa Shaabani au Rajabu. Na mwezi wa kuandama hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hata ikawa tarehe ya kubuni kabisa.

Miaka kumi na tano baadaye kijana huyo ataka kitambulisho cha taifa, au kazi, au nafasi ya chuo. Cheti cha kuzaliwa chasema jina moja, cheti cha shule jingine, na afisa hana la kufanya ila kumrudisha. Itampasa aende kwa hakimu au wakili kula kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, atoe fedha ambayo nyumba yao haina, apoteze siku nyingi. Na katika mirathi jambo ni zito zaidi. Shamba la minazi la Juma bin Hamisi huulizwa, nani mjukuu wa Juma? Majina matatu ya kijana, lake na la baba na la babu, ndiyo kamba iliyomfunga na shamba lile. Fundo moja likifunguliwa na kalamu ya mtu mwenye nia njema, wenye nia mbaya hawakawii kuona.

Kwa hiyo tungewashauri wenzetu mambo machache. Jina la mtoto na liandikwe kama wazazi walitamkavyo na kama cheti cha kuzaliwa kilivyo, wala lisisahihishwe kwa kamusi. Jina la ubatizo likitolewa, na liongezwe bila kuondoa lililokuwapo. Tarehe isitafutwe katika jina. Na mtoto aulizapo maana ya jina lake, mwalimu asiishie katika mstari mmoja wa orodha. Amweleze mkusanyiko, na Ijumaa, na juma lenye siku mbili za tano, kwa kuwa hayo ni elimu njema na mtoto atayafurahia. Kisha amwulize, "Nyumbani kwenu aliitwa nani Juma kabla yako?" na kumtuma akaulize kwa wazee. Jibu atakaloleta kesho yake, la babu aliyekuwa mvuvi wa Kigombe au mkata mkonge wa Muheza au mwalimu wa chuo cha Pangani, ndilo maana ya jina lake iliyokosekana katika orodha, na hapana mtu mwingine awezaye kuiandika kwa niaba yake.